Nimemfanya mwanangu mshenga kwa baba yake

Kwako Somo, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike wa miaka minne na nusu. Tumwite Tunu, ingawa silo jina lake. Naishi Mlandizi, nyumbani kwa mama mkwe, nyumba ya vyumba vinne isiyo na dari. Hilo la dari nalitaja mapema kwa sababu ukiishi nyumba ya namna hii unajifunza kunong'ona. Ukikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anakupa pole.

Mume wangu ni dereva wa lori. Anapakia salfa bandarini Dar es Salaam, anaipeleka Kolwezi, Congo, anarudi na shaba. Safari moja, kwa foleni za Tunduma na Kasumbalesa, humla mwezi mzima, nyingine mwezi na nusu. Akirudi hukaa siku tano au sita, gari likishapakia huyo anaondoka. Barabara ya Morogoro iko hatua chache kutoka kwetu, kwa hiyo kuna usiku anapita mbele ya nyumba yao bila kusimama, maana ofisini wanaliona gari kwenye kompyuta, na likisimama pasiporuhusiwa anapigiwa simu. Anachofanya ni kupiga honi mara mbili. Tunu anaamka, na mimi nabaki kumbembeleza hadi saa nane za usiku.

Nilimfahamu mwaka 2017, akiendesha gari la Dar na Mbeya. Enzi hizo, Somo, huyu mtu alikuwa anaongea! Kila akilala Makambako ananitumia voisi ya dakika saba, dakika nane. Ananisimulia baridi, ananisimulia nyani wa Mikumi aliyemwibia mkate dirishani, anacheka mwenyewe. Mimi namjibu nikiwa nimejifunika shuka gubigubi nyumbani kwa wazazi wangu. Kwenye simu yake alinihifadhi kwa jina la "Nyonda". Nililiona kwa macho yangu.

Nikiwa na mimba ya miezi saba tukahamia huku kwa mama yake ili nipate wa kunisaidia. Tunu akazaliwa, nami nikawa Mama Tunu. Sikatai, ni heshima. Lakini mwaka jana simu yangu ilinipotea mle mle ndani, nikaomba yake niipigie, na kwenye kioo likatokea "Mama Tunu". Nyonda hayupo. Nikaisikia simu inaita chini ya godoro, nikaitoa, sikusema kitu.

Ukifungua mazungumzo yetu leo utakuta hivi: "Gesi imeisha." "Sawa." "Mtoto ana homa, tunaenda zahanati." "Nimetuma." Mara nyingine hata hiyo "nimetuma" haiji, unaingia tu ujumbe wa mtandao kwamba nimepokea shilingi 30,000 kutoka kwake na salio langu jipya ni kadhaa. Kuna wiki ambazo ujumbe huo ndio pekee wenye jina lake. Siku nyingine tiki mbili zinageuka bluu na siku mbili zinapita. Wakati huohuo mama yake, mwenye kitochi kisichojua hata WhatsApp ni kitu gani, anapigiwa kila Ijumaa baada ya swala na wanaongea robo saa nzima. Nasikia kila neno, si nimekuambia nyumba haina dari.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Masika iliyopita bati lilitoboka juu ya kitanda. Nilimwandikia Baba Tunu mara tatu ndani ya siku mbili. Bluu, kimya. Usiku wa pili Tunu akaichukua simu, akabonyeza pale pa kurekodi kama anavyomwona shangazi yake akifanya, akasema: "Baba, mvua inaingia kitandani kwangu." Hazikupita dakika nne zikaingia 150,000, na simu akapiga.

Somo, ungekuwa wewe usingejifunza? Tangu hapo nikitaka jambo namwita Tunu. Ada ya chekechea, Tunu. Viatu, Tunu. Baadaye nikaanza kumtia mdomoni maneno yangu mwenyewe: "Baba utarudi lini?" "Baba mbona humpigii mama?" Tunarudia mara tatu, mara nne, mpaka litoke vizuri, na nikiona amechoka namwahidi ubuyu. Na baba anajibu, tena kwa sauti. Mwaka huu, sauti ya mume wangu nimeisikia zaidi kwenye majibu ya mtoto kuliko kwingine kokote.

Wiki mbili zilizopita nilikwaruzana na wifi yangu kwa ajili ya hela ya luku, nikaenda jikoni kulia. Tunu akaichukua simu, mchoro wa kuifungua anaujua, akatuma bila mimi kujua: "Baba, mama analia. Bibi amesema mama anakula hela yako." Baba Tunu hakunipigia mimi. Alimpigia mama yake. Upande wangu wa ukuta nilisikia, "Mimi? Mimi nimesema?" halafu kimya. Tangu siku hiyo mama mkwe ananisalimia kwa kichwa, na majirani wameshaambiwa kwamba namtuma mtoto umbea. Zile nyingine nilimtuma kweli. Hii, naapa, sikumtuma. Nani ataniamini?

Siku tano zilizopita mume wangu, akiwa kwenye foleni Kasumbalesa, ameniandikia: "Hizi meseji za mtoto ni zako au zake?" Nimeifungua. Tiki zimegeuka bluu, safari hii kwa mkono wangu. Sijajibu.

Anatarajiwa nyumbani baada ya wiki mbili hivi. Nimwambie ukweli? Nimwandikie au nimsubiri? Wifi mkubwa, ambaye ananipenda, anashauri nilipeleke kwenye grupu la familia lijadiliwe na wote. Rafiki yangu mmoja anasema nikane moja kwa moja, mtoto wa miaka minne si shahidi. Ila kinachoninyima usingizi ni kingine. Kila jioni Tunu ananiletea simu mwenyewe, anasimama mbele yangu, ananiuliza: "Mama, leo nimwambie baba nini?"

Mama Tunu, Mlandizi

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hizo siku tano, najua ni ndefu kuliko safari ya Kolwezi.

Nikisema nimekuelewa, nimekuelewa hivi. Mumeo alikuwa msemaji, mtoto akazaliwa, maneno yakakauka. Ukatafuta pa kupitia ukaona mlango mmoja bado uko wazi, nao ni Tunu, ukaupita. Ukaupita mara nyingi. Halafu siku moja mtoto akapita mwenyewe akiwa amebeba kitu ambacho hukumpa. Sasa unaulizwa ni zako au zake, na jibu la kweli haliingii katika neno moja, kwa sababu nyingi ni zako na ile iliyowasha moto ni yake. Usijione mjinga kwa kushindwa kujibu. Swali lenyewe limekaa vibaya.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Nilipiga mstari chini ya kila ujumbe uliounukuu, wa kwako, wa mumeo, wa mtoto. Nilipomaliza nikaona kitu ambacho nadhani wewe, kwa kuwa uko ndani yake, hukukiona. Kila ulichomwambia wewe umekiandika. Kila alichomwambia Tunu kimesikika. Wewe umehitimisha kwamba mumeo anamjali mtoto na wewe hakujali. Huenda ni kweli, sikai kwenye kabini yake. Lakini huenda pia huyu mtu anajibu sauti na hajibu maandishi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na hujawahi kuyapima, kwa sababu katika barua yote hakuna mahali uliposema kwamba tangu Tunu azaliwe umewahi kumtumia baba yake sauti yako mwenyewe. Kama ulituma na hukuniambia, nisamehe.

Mwangalie mama mkwe na kitochi chake. Unamwonea wivu wa ile robo saa ya Ijumaa, na ni wivu wa haki. Ila fikiri: mwanawe hana njia nyingine ya kumfikia. Hawezi kumtumia "sawa". Hawezi kumwachia tiki. Akitaka kujua mama ameamkaje, lazima apige, na akishapiga hawezi kukata kabla ya kuuliza habari za mguu, za kuku na za fulani aliyefiwa. Katika nyumba yenu, mwenye simu duni kuliko wote ndiye anayepata maneno mengi kuliko wote. Mimi hilo lilinichekesha, halafu likanisikitisha.

Na yeye upande wake? "Gesi imeisha" ni ujumbe unaojibiwa kwa pesa, na alijibu kwa pesa. Mtu mwenye tani 30 mgongoni akiteremka Kitonga hatakiwi kushika simu, na akifika anapolala macho hayataki tena kusoma. Simtetei. Kwenye lile la bati hana utetezi: aliandikiwa mara tatu akasoma, na sauti ya mtoto isingekuja mngelala kwenye maji. Hilo ni deni, na una haki ya kumdai. Nataka tu ulidai hilo deni lenyewe, lisichanganyike na la Nyonda.

Jambo la pili nililolipigia mstari ni shuka. Uliniambia zamani ulikuwa unamjibu ukiwa umejifunika shuka kwa wazazi wako. Halafu ukahamia nyumba isiyo na dari ukiwa na mimba ya miezi saba. Uzazi na ile nyumba viliingia maishani mwako kwa mkupuo mmoja, lakini lawama zote umezipa uzazi, na kidogo simu. Mtu anayenong'ona mchana kutwa atamwambiaje mumewe kwamba amemkumbuka? Ataandika. Na akiandika, ataandika kile ambacho hata kikisomwa na mwingine hakimwaibishi: gesi, homa, ada. Bibi zetu nao nyumba zao hazikuwa na dari. Mwanamke wa pwani aliyetaka kumwambia mume jambo bila mawifi kulisikia alijifunga kanga na kupita mbele yake, mume akasoma jina la kanga, akaelewa au akajifanya hakuelewa. Maneno ya kupitia kitu kingine si ugonjwa ulioletwa na simu. Ila kanga ilikuwa mwilini mwake mwenyewe. Hakumvisha mtoto.

Hapo nisijifanye msafi. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa karakana ya TAZARA kule Mpika, Zambia, kuanzia mwaka 1978, mimi nikiwa Temeke na mtoto mchanga. Barua zake zililetwa na wenzake waliokuwa wakishuka na treni, na kila moja ilianza vilevile: "natumai u buheri wa afya kama mimi huku niendeleavyo na gurudumu la ujenzi wa taifa", taifa lenyewe likiwa Zambia. Nikisoma nahisi ameiandikia ofisi. Basi nikawa simwandikii ya moyoni. Nachukua mkono wa mtoto, nauweka juu ya karatasi, nauzungushia kalamu, chini yake naandika, "Baba, viatu vimenibana." Hela ya viatu ilikuja. Miaka miwili nilikuwa naongea na mume wangu kwa mkono wa mtoto, na nilijiona mjanja. Usidhani nilizitunza karatasi zile, nyingi ziliishia kufungia vitumbua.

Tofauti yangu na wewe ni moja tu. Mkono uliochorwa hauwezi kusema "mama analia".

Zamani ndoa zetu zilikuwa na mshenga. Alichaguliwa mtu mzima, mwenye kifua, anayejua lipi la kufikisha na lipi la kumeza njiani. Wewe umechagua mshenga wa miaka minne. Amefanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa, kwa sababu umri ule hawajui kumeza. Alisikia kitu ng'ambo ya ukuta, akakuona unalia, akaviunganisha, akavipeleka. Hata sisi wakubwa tungefika kwenye habari ileile.

Na hapo niulize, kwa upole. Una hakika mama mkwe alisema maneno hayo? Nauliza kwa sababu barua yako haisemi kwamba wewe uliyasikia, na wewe ndiye unayesikia kila kitu. Ugomvi ulikuwa na wifi, kwa ajili ya luku. Huenda bibi alisema. Huenda alisema "hela inaliwa na luku". Huenda ni wifi. Mtoto anarudisha vipande, si mazungumzo mazima. Wewe unalia kwamba hakuna atakayeamini hukumtuma, na huenda chumba cha pili kuna mama mzima anajiuliza nani ataamini kwamba hakusema. Sijui. Lakini kama ni hivyo, nyinyi wawili mnaumwa ugonjwa mmoja na mnapeana salamu za kichwa.

Sasa la kujibu. Sitakuchagulia, ila nitatembea nawe kwenye kila njia.

Kukana kote, kama rafiki yako anavyosema, ndiko kwepesi leo. Hatari yake ni Tunu mwenyewe. Baba akifika, akimpakata, akamuuliza "nani alikufundisha kusema vile?", mtoto atataja ubuyu. Halafu utakuwa umempa kazi nyingine, ya kukulinda kwa uongo.

Grupu la familia silipendi, nasema wazi, ingawa wifi mkubwa ana nia njema. Kwenye kikao cha wazee mtu husema, hujutia, hufuta kauli, mkaishia kunywa chai. Kwenye grupu kila neno linabaki, linapigwa picha, linatumwa kwa shemeji aliyeko mbali ambaye hajui lilianzaje. Na mumeo angelisoma akiwa foleni, mbele ya madereva wenzake. Kama unahitaji mtu wa kati, wapo hao hao watu wazima wenye kifua. Wifi mkubwa mwenyewe angeweza kuwa mmoja, akija kwa miguu.

Kumsubiri arudi kuna heshima yake. Mambo haya yanataka uso. Ila hesabu siku. Ana wiki mbili za kukaa na swali lisilojibiwa, na foleni ya Kasumbalesa haina kazi nyingine zaidi ya kufikiri. Halafu atashuka kwenye gari akiwa na usingizi wa mwezi, kwenye nyumba ambayo wa kumpokea wa kwanza, kwa haki kabisa, ni mama yake. Utapata nafasi usiku wa ngapi, na utasemea wapi? Ukichagua kusubiri, labda angalau umwandikie kwamba swali lake umeliona, kwamba jibu ni refu na unataka kulitoa ana kwa ana. Hiyo si sawa na kimya. Wewe unajua zaidi ya mimi tiki za bluu zinavyouma.

Kuandika yote sasa kunawezekana pia. Faida yake ni kwamba utafuta, utapanga, hutapandisha sauti. Hasara ni kwamba ataisoma kwa sauti anayoitaka yeye, na mtu aliyekasirika husoma kila kitu kwa ukali.

Au umtumie sauti yako. Najua utaniuliza wapi. Si chumbani, bila shaka. Kisimani, njia ya shamba, nyuma ya fremu ya mtu unayemwamini, jioni magari yakiwa mengi barabarani. Si lazima iwe dakika nane kama zile za Makambako. Mtangulizie mstari mmoja wa maandishi kwamba asikilize akiwa peke yake, maana utingo naye ana masikio. Hatari zipo: utalia katikati, utasema usilopanga, na ikishasikilizwa hairudi. Na inawezekana, mwanangu, kwamba atasikia na bado asijibu. Ukiichagua njia hii jiandae kwa hilo. Litaumiza kuliko tiki, ila utakuwa umejua kitu ambacho leo unakikisia tu.

Chochote utakachotuma, fikiri kama unataka kumwambia pia ulichoniambia mimi: kwamba ulimtanguliza mtoto kwa sababu ulitamani kusikia sauti ya mumeo. Umeliweka hilo katikati ya barua kama vile ni jambo dogo. Mtu aliyeambiwa "nilimtumia mtoto nipate hela" na aliyeambiwa hilo la pili hawasikii kosa moja.

Tunu. Usimnyang'anye simu ghafla, ataona amefanya kosa lililoleta ukimya wote huu ndani ya nyumba, na huenda ameshaanza kuhisi hivyo. Baba yake anamhitaji pale hewani. Hata madaktari wa watoto wa Marekani, kwenye mwongozo wao wa mwaka 2016 waliposema vioo viepukwe kwa watoto wa chini ya miezi 18, waliiacha simu ya video na jamaa wa mbali, kwa sababu pale kuna mtu anayejibu. Kwa hiyo azungumze na baba. Kesho jioni akija na simu na swali lake, jaribu kumrudishia: "Wewe unataka kumwambia nini?" Huenda akakaa kimya kwanza, amezoea kupewa. Huenda akasema habari za paka. Ziende za paka, bila kurudiwa mara tatu, bila ubuyu. Na za kwako ukae nazo wewe mpaka upate pa kuzisemea.

Kuna hili la honi pia. Umelitaja kama kero, na ningekuwa mimi ninayebembeleza hadi saa nane ningelitaja vibaya zaidi. Ila mtu asiyeruhusiwa kusimama mbele ya kwao, anayepita usiku, anapiga mara mbili. Sijui anamwamsha nani. Muulize, siku mkiwa mnaongea.

Niandikie akisharudi, hata kama hujaamua kitu.

Na jina. Umeumia kwamba Nyonda amefutwa kwenye simu yake, na una haki ya kumwambia ulimwona hayupo. Lakini barua yako yote nimeipitia tena nikitafuta wewe unamwitaje. Ni "mume wangu", ni "huyu mtu", ni "Baba Tunu". Kwenye simu yako wewe, mwanangu, umemhifadhi kwa jina gani?